Iganzo, Iganjo na majina ya matoleo ya programu

Jiji la Mbeya lina kata ya Iganzo na lina kata ya Iganjo. Wenyeji hatuzichanganyi, kwa hiyo sikuona ubaya wowote nilipoyapa matoleo mawili ya programu yetu majina hayo.

Programu yenyewe inatumiwa na maduka ya pembejeo kuandika mbolea, mbegu, dawa na madeni ya wakulima. Toleo la Iganzo lilikuwa na kosa kubwa: mkulima akilipa kwa awamu, malipo ya pili hayakupunguza deni. Tukarekebisha, toleo jipya tukaliita Iganjo. Kwenye kompyuta ya duka moja la Tukuyu yakawa yamekaa yote mawili. Nikapiga simu, mvua ya Tukuyu ikigonga bati kama inavyojua yenyewe, nikamwambia dada wa dukani, "Futa Iganzo, bakiza Iganjo." Akafuta Iganjo. Siku nne wakulima waliambiwa wanadaiwa pesa walizokwisha lipa. Mzee mmoja alikuja na risiti zake zote ndani ya mfuko wa rambo, akazipanga mezani moja moja. Dada yule hakukosea hata kidogo. Aliyekosea ni mimi niliyechagua majina.

Tangu hapo jina la toleo nalichukulia kama kitu cha kutamkwa, tena na mtu aliye mbali, mwenye haraka, kwenye mtandao unaokatika. Namba zipo na ziendelee kuwepo, lakini jaribu kumsomea mtu "mbili nukta moja nukta moja" kwenye simu, uone atakachoandika.

Kata za Mbeya zilikuwa na kasoro nyingine niliyochelewa kuiona. Nyingi zinaanza na I: Iyunga, Iyela, Ilomba, Ilemi, Itezi, Itende, Itiji, Isanga, Isyesye, Iwambi. Ukiambiwa duka moja lina Itezi na jingine lina Ilemi, huwezi kujua lipi liko nyuma. Ubuntu, mfumo endeshi wa kompyuta, nao walianza hivyohivyo. Toleo la kwanza, la Oktoba 2004, liliitwa Warty Warthog, likafuata Hoary Hedgehog, kisha Breezy Badger, yaani W, H, B, bila mpangilio. Kuanzia Dapper Drake la Juni 2006 wakashika alfabeti, wakafika Z mwaka 2017, na mwaka huohuo wakarudi A. Mtu asiyejua chochote kuhusu kompyuta, mradi anajua a, be, che, de, anatambua lipi ni jipya. Kwetu Q na X hazipo, na C haisimami bila h, kwa hiyo msilazimishe kila herufi. Mimi naruka herufi ninavyotaka. Nisichofanya ni kurudi nyuma.

Baada ya kata, kijana mmoja kwenye timu alipendekeza majina ya mashujaa, na la kwanza likawa Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, kwa kuwa tulikuwa tunaenda kufunga programu Iringa. Mhasibu wa huko, mtu mzima wa Kihehe, alisikiliza maelezo yetu mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole, "Kwa hiyo likija jingine mtanipigia mniambie nifute Mkwawa?" Hatukuwa na jibu. Fuvu la chifu huyo lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 na limetunzwa Kalenga, si mbali na pale tulipokaa. Jina la toleo litafutwa, litalaumiwa, litasemwa kwamba limeganda. Usilitwishe mzigo huo jina la marehemu anayeheshimiwa, wala la mtu aliye hai. Apple waliwahi kuiita kompyuta moja, kwa matumizi ya ndani tu, Carl Sagan, jina la mwanaastronomia wa Marekani. Habari zikavuja, mwenyewe akakataa, na mambo yakafika mahakamani.

Kisha tukajaribu mazao: Alizeti, Boga, Chai. Hapo tuliharibu kwa haraka zaidi, maana wateja wetu ni watu wa mazao. "Alizeti imekataa kufunguka" kwenye duka linalouza mbegu za alizeti ni sentensi ya kumchosha kila mtu. Na Chai, mnajua wenyewe chai ina maana ngapi mitaani. Jina litoke nje ya kazi ambayo programu inaifanya.

Sasa tuko kwa wanyama. Tumekwenda na Bata, Digidigi, Farasi, na toleo linalotumika leo ni Kipunji, kima wa milima yetu ya Rungwe ambaye wanasayansi walimtangaza mwaka 2005 ilhali wazee wa huku walishampa jina zamani. Fisi na Bundi tuliwaacha. Kuna mzee asiyependa kusema kwamba dukani kwake kuna bundi, na sioni sababu ya kubishana naye.

Sikilizeni pia L na R. Google walipoacha majina ya vitamutamu kwenye Android, mfumo wao wa simu, mwaka 2019, moja ya sababu walizotoa ni kwamba sauti hizo mbili hazitofautishwi katika baadhi ya lugha. Huku kwetu wengi husema Lungwe wakimaanisha Rungwe. Jina ambalo likibadilishwa sauti hiyo linageuka neno jingine, liacheni.

Kabla ya kupitisha jina sasa nafanya jambo moja. Nampigia dada yuleyule wa Tukuyu, ikiwezekana mvua ikiwa inanyesha, nalitamka mara moja tu, kisha namwomba anitumie kwa meseji alichosikia. Baada ya Kipunji nilitaka Mbega, mnyama ninayempenda tangu utoto. Meseji ilirudi imeandikwa "Mbegu". Kwa duka la pembejeo! Nikakata jina hilo siku hiyohiyo, jioni nikampigia tena na Ngamia, na meseji ikarudi imeandikwa Ngamia.