Saa mbili York na mama mwenye maumivu ya magoti

Pole kwa mama, dada. Umeuliza mtembelee nini mjini York, Uingereza, mkisubiri treni kwa saa mbili huku magoti ya mama yanauma. Kwa saa mbili hizo za kusubiri treni mtaona ya kutosha, ila kupanda ukuta wa mji sahauni. Hauna kiingilio na mandhari yake ni mazuri, lakini ngazi zitamtesa.

Chukueni teksi hadi karibu na York Minster, kanisa kuu la mji. Kiingilio cha kanisa si haba, na kwa muda wenu naona si lazima. Nje, upande wa kusini, kuna sanamu ya Konstantino ameketi: askari walimtangaza kuwa mfalme wa Roma hapahapa mjini mwaka 306.

Kisha shukeni taratibu hadi Shambles, dakika chache tu. Zamani ulikuwa mtaa wa mabucha. Mwambie mama ainue macho: ghorofa za juu zimejitokeza mpaka zinakaribia kugusana. Halafu atazame mbele ya maduka, bado kuna kulabu za kutundikia nyama na vibao vipana vya madirishani walikoipanga. Mawe ya barabara hayako sawa, kwa hiyo mshike mkono. Mchana watu hujaa mno, wengi wanapiga picha.

Malizieni Clifford's Tower, mnara ulio juu ya kilima. Msipande, bamba la kumbukumbu liko chini ya kilima: mwaka 1190 Wayahudi wa mji walikimbilia ngome ya mbao iliyokuwa hapo, wakazingirwa na umati. Wengi walijiua, waliobaki wakauawa. Mnara wa mawe ulijengwa karne iliyofuata.

Kurudi stesheni, teksi tena.