Baridi ya Lubumbashi ni msimu wa kazi: kwa mnaoanza kutunza farasi

Kila mwaka, mwezi wa tano ukielekea mwisho, palefrenia wapya, yaani watunza farasi, wanafika asubuhi wamevaa makoti mawili mawili, na jambo la kwanza wanalofanya ni kumhurumia farasi. "Yaya, huyu anaona baridi, tumwache ndani leo?" Ukimtazama vizuri, mara nyingi haoni baridi yoyote. Manyoya yamemsimama, pua inatoa mvuke, na mkimfungulia atazunguka uwanja mzima akirusha miguu ya nyuma. Baridi inayotutesa sisi kwake ni starehe, na kwa anayemtunza hii ndiyo miezi mizuri kuliko yote. Wengi wanaipoteza kwa kungoja ipite.

Tuanze na mwili wake. Joto la kawaida la farasi mzima ni kati ya nyuzi 37.5 na 38.5. Nyasi anazokula huchachushwa na vijidudu kwenye utumbo wake mkubwa, na uchachushaji huo unatoa joto saa nyingi baada ya kula. Farasi aliyepewa nyasi za kutosha jioni analala na mbabula, yaani jiko la makaa, tumboni. Kwa hiyo usiku ukiwa mkali, ongeza nyasi kavu, usikimbilie mahindi. Nafaka inameng'enywa upesi, haitoi joto la kudumu kama nyasi, na ikizidi inaleta maumivu ya tumbo.

Huko kwenye theluji wanalijua jambo hili kuliko sisi. Farasi wa Kanada aliyezoea hali ya kwao huvumilia hadi karibu nyuzi 15 chini ya sifuri kabla mwili wake haujalazimika kutumia nguvu ya ziada. Wale wa Yakutia, Siberia, wanashinda nje kwenye nyuzi 50 chini ya sifuri, wakichimbua theluji kwa kwato kutafuta majani. Lakini msiwachukue hao kuwa kipimo. Kinachomwotesha farasi manyoya mazito hasa ni siku kuwa fupi, na hapa kwetu mwezi wa sita mchana unapungua kidogo sana ukilinganisha na wa mwezi wa kumi na mbili. Farasi wa Lubumbashi anaingia kwenye baridi na koti jepesi. Usiku wa mwezi wa saba unaweza kushuka hadi nyuzi sita au saba, na upepo wa kusini-mashariki unapita kila ufa wa banda. Mzee, aliyekonda, mtoto, au aliyenyolewa kwa ajili ya mashindano, hao wapeni blanketi. Wengine waacheni. Na blanketi livuliwe jua likishapanda, maana saa sita mchana tunafika nyuzi 25, na farasi aliyetoa jasho chini ya blanketi ndiye atakayeshikwa na baridi kweli jioni.

Sasa niseme faida iliyo kubwa kuliko zote: visubi vinapungua.

Ugonjwa wa farasi wa Afrika hauambukizwi kwa pumzi wala kwa kunywea ndoo moja. Unabebwa na visubi, vidudu virukavyo vidogo kuliko mbu, vinavyozaliana kwenye tope lenye samadi na vinavyouma tangu machweo hadi alfajiri. Virusi vyake ni vya aina 9, na farasi aliyeshikwa kwenye mapafu anaweza kufa ndani ya siku chache huku povu likimtoka puani. Huko Cape, mlipuko wa mwaka 1854 na 1855 uliua karibu farasi 70,000. Wafugaji wa Afrika Kusini walijua zamani, kabla hata chanzo hakijajulikana, kwamba umande ukiganda kwa mara ya kwanza vifo vinakoma. Mjini kwetu umande haugandi kama huko, lakini ukavu pamoja na usiku wa baridi vinavikausha vile vidimbwi, na visubi vinapungua sana. Vinapungua, sikusema vinakwisha. Palipo na bomba linalovuja karibu na rundo la samadi, visubi vina nyumba mwaka mzima. Kwa hiyo kanuni ya kuwaingiza farasi kabla ya machweo inabaki, hata kama baridi imewapa ujasiri.

Kwa sababu hiyohiyo, hii ndiyo miezi ya chanjo. Ni chanjo ya virusi hai vilivyodhoofishwa, inatolewa mara mbili kwa kupishana wiki kadhaa, na farasi anahitaji kazi nyepesi baada ya kila sindano. Akichanjwa sasa, kinga inakuwa tayari mvua zikirudi. Ukingoja mwezi wa kumi na mbili, unachanja huku visubi vimeshaanza kuuma. Mwulizeni mganga wa wanyama mapema kama dawa ipo, tena mwulizeni imesafiri vipi, kwa sababu chupa iliyokaa nje ya barafu njiani haina kazi hata kama karatasi zake ni safi.

Inzi nao wanapungua. Vidonda vinafunga haraka, macho hayatoki usaha, na kama kuna dume la kuhasiwa, mwezi wa sita au wa saba ndio wakati wake. Kupe ndio hawafuati kalenda yetu. Mpapase kila siku masikioni, chini ya mkia na katikati ya mapaja.

Kuhusu ardhi nina maneno mengi, maana hapa wageni wanakosea kwa kufurahi kupita kiasi. Tangu mwezi wa kumi na moja hadi wa tatu kwato zinashinda kwenye matope, na ile sehemu laini ya pembetatu chini ya kwato inaoza na kunuka. Kiangazi, ndio msimu huu wa ukavu, kinaikausha. Safisha kwato kila siku, acha hewa iingie, na kwa wengi utaona nafuu. Wenzetu wa theluji wana furaha yao hapo: theluji inafunika tope, ni safi, na inakuwa godoro chini ya miguu. (Ila inaganda ndani ya viatu vya chuma hadi farasi anatembea kama amepanda vigongo. Ndiyo maana wengine wanapaka mafuta chini ya kwato au wanamvua viatu kabisa.) Sisi godoro hatuna. Udongo wetu mwekundu ukikauka ni saruji. Kwenye njia ngumu mpeleke kwa hatua za kawaida. Mwendo wa matiti (mbio nyepesi) na wa shoti (mbio kali) uwe kwenye uwanja wenye mchanga, ambao mmeumwagia maji usiku na kuukwaruza asubuhi. Maranda ya useremala yaliyochanganywa na mchanga yanafaa pia, mradi hayatokani na mbao zilizotiwa dawa.

Hewa ya baridi inampa farasi nguvu na ujeuri. Yule mpole wa mwezi wa pili, anayeachiwa watoto wa mafunzo, leo anaruka kwa sababu ya mfuko wa plastiki uliopeperushwa. Kabla ya kumpandisha mtoto, mzungushe kwanza kwa kamba ndefu, mpashe mwili taratibu, muda mrefu kuliko wakati wa joto, mpaka mgongo ulegee chini ya tandiko. Kwa upande mwingine mnapata saa nyingi za kufanya kazi. Wakati wa joto saa nne asubuhi mmeshamaliza. Sasa saa nne ndiyo mnaanza vizuri.

Minyoo: hapa tunawashinda watu wa theluji. Viluwiluwi vya minyoo vilivyofunikwa na theluji vinaweza kulala salama hadi majira yao ya joto, lakini jua na ukavu vinaviua. Katika mvua msitawanye samadi malishoni, mtakuwa mnapanda minyoo. Katika kiangazi kirefu vunjeni yale mabonge kwa reki, yatandazeni yaungue juani, na farasi wasirudi hapo kwa wiki kadhaa.

Nyasi za akiba zinatakiwa kukatwa mvua zinapoisha, kuanzia mwishoni mwa mwezi wa tatu hadi wa nne, kabla hazijawa miti. Anayengoja mwezi wa saba anavuna mabua: yanajaza tumbo bila kulisha. Zinapokauka zigeuzeni, msifunge marobota yenye unyevu, yataota ukungu au yatajipasha moto yenyewe hadi kuwaka. Na moto wa nje ni hatari kubwa zaidi. Kuanzia mwezi wa saba watu wanachoma pori kila upande, wa kuchoma makaa, wa kusafisha mashamba, wa kuwinda panya. Limeni ukanda mtupu kuzunguka ghala, mpana wa kutosha cheche zisiruke. Kabla ya kulisha, lowesheni nyasi zenye vumbi. Farasi anayekohoa mwezi wa nane mara nyingi anaumwa na vumbi, si na baridi. Zikipungua, msijaze pengo kwa pumba za mahindi kutoka kinu cha jirani. Zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, na mifupa ndiyo inayolipa.

Maji ndiyo hatari ya kimyakimya ya msimu huu. Farasi mzima anahitaji kati ya lita 25 na 50 kwa siku, zaidi akila nyasi kavu, na hapohapo baridi inampunguzia hamu ya kunywa. Tumbo linakauka, linaziba. Kwenye theluji wanapasua barafu kwenye mabeseni au wanayapasha maji moto, kwa sababu theluji anayolamba haitoshi. Kwenu ni rahisi: maji ya usiku yamwageni asubuhi, jazeni mapya, pipa moja likae juani kwa ajili ya jioni, na jiwe la chumvi lisikose. Hesabuni mabonge ya samadi. Yakiwa machache, madogo na makavu, msingoje aanze kugaragara. Mtembezeni, mwondoleeni nafaka, mpigieni mganga simu.

Mwezi wa nane ukiisha joto linapanda haraka na raha yote hii inakatika. Kabla ya hapo chimbeni mifereji kuzunguka mabanda, hamisheni rundo la samadi lifike mbali na milango, tandazeni kokoto pale farasi wanaposimama kunywa. Ardhi ngumu ya sasa inaumiza mgongo kuichimba, lakini inashika umbo la mfereji. Mkichimba mvua ikishaanza, kuta zinabomoka siku hiyohiyo.