Maswali na majibu: Domeni zako kwenye lahajedwali

Nina domeni (majina ya tovuti) kama 40 kwa wasajili watatu (kampuni zinazoziuza). Niweke safu gani? (Msomaji, Kasarani)

Mstari mmoja kwa kila domeni, safu A hadi H: jina, msajili, barua pepe ya akaunti, tarehe ya kuisha, kama inajilipia yenyewe, njia ya malipo, bei, na kazi yake. Wengi hujaza jina na tarehe wakaona wamemaliza, kumbe safu inayookoa ni ya barua pepe. Kwa .com, msajili hutakiwa kukukumbusha takriban mwezi mmoja na tena wiki moja kabla ya domeni kuisha. Ukumbusho huo ukienda kwa anwani ya mfanyakazi aliyeacha kazi mwaka juzi, nani atausoma?

Kwenye njia ya malipo, andika tarakimu nne za mwisho za kadi na mwezi ambao kadi yenyewe inaisha. Zile za .co.ke unazolipia mwenyewe kwa M-Pesa, andika "kwa mkono". Na bei iwe ya kulipia upya, si ile ya ofa ya mwaka wa kwanza.

Nimejaza tarehe vizuri lakini hesabu ya siku zilizobaki inatoa makosa, nyingine hazieleweki. (Msomaji, Ruaka)

Lahajedwali lako linasoma tarehe Kimarekani, mwezi kwanza. Ulipoandika 03/04/2027 likaelewa Machi 4. Ulipoandika 25/04/2027 halikupata mwezi wa 25, likaiacha kama maandishi. Ndiyo maana baadhi zimeegemea kushoto mwa kisanduku na nyingine kulia.

Kwenye Google Sheets, fungua File, kisha Settings, ubadilishe Locale iwe United Kingdom. Hilo litasaidia tarehe mpya tu. Za zamani zimeshapinduka. Ikiwa zote uliziandika siku kwanza, kwa tarakimu mbili mbili, weka hii kwenye safu tupu:

=IF(ISNUMBER(D2),DATE(YEAR(D2),DAY(D2),MONTH(D2)),DATE(RIGHT(D2,4),MID(D2,4,2),LEFT(D2,2)))

Ivute hadi chini, kisha nakili matokeo na uyabandike juu ya safu D kama thamani pekee, bila fomula. Kuanzia hapo andika 2027-04-03, na ubishi utakwisha.

Rangi nyekundu kwa zilizobakiza siku 30, fomula ya kuweka kwenye Conditional formatting: =AND($D2<>"",$D2-TODAY()<=30). Ukiacha sehemu ya kwanza, hata mistari mitupu itawaka.

Jambo moja dogo: saa za rejista (daftari kuu) ya .com ni za UTC, saa ya kimataifa, nasi tuko mbele kwa saa tatu. Inayoisha saa nne usiku wa tarehe 14 huko, hapa Nairobi ni saa saba usiku, tayari tarehe 15. Andika 14.

Domeni ya .com imepitisha tarehe wiki mbili. Nifute mstari? (Msomaji, Umoja)

Usifute! Msajili anaweza kukupa hadi siku 45 za kulipa kwa bei ya kawaida, ingawa wengine hutoa chache zaidi. Akishaifuta, kuna siku 30 za kuikomboa, na hapo ada hupanda sana. Kisha siku 5 za kusubiri kufutwa kabisa, ambazo huwezi kufanya lolote. Weka safu ya hali: hai, imeisha, kukombolewa, imeachwa. Siku hizo usizibebeshe .ke, fuata masharti ya msajili wako.

Niweke nywila humo pia?

Hapana, wala msimbo wa kuhamisha domeni. Faili hili utamtumia mhasibu, naye atalituma kwingine.

Nitajuaje mwezi fulani nitatoa shilingi ngapi? (Msomaji, South B)

Bei za dola ziache kwa dola. Weka kiwango cha ubadilishaji kwenye kisanduku kimoja, na safu I izibadili kuwa shilingi. GOOGLEFINANCE("CURRENCY:USDKES") hutoa kiwango cha soko, lakini benki hukata zaidi, kwa hiyo andika cha juu kidogo kwa mkono. Kwa Machi 2027:

=SUMPRODUCT((YEAR(D2:D60)=2027)*(MONTH(D2:D60)=3)*I2:I60)

Ukiacha mwaka, domeni uliyolipia hadi 2031 itaingia bajeti ya sasa, na isiyo na tarehe itatupwa Desemba kwenye Google Sheets au Januari kwenye Excel. Ukiuweka, isiyo na tarehe haihesabiwi kabisa, basi chuja safu D utafute visanduku vitupu kabla ya kuamini jumla.