Kupanga vipaumbele vya utafiti wa mishipa ya damu ya ubongo: kwa wanaoanza

Kikundi kikikaa kupanga vipaumbele, ubaoni huandikwa kwanza kitu kama "kuelewa chanzo cha magonjwa ya mishipa midogo ya ubongo". Futeni. Hakuna matokeo yatakayolimaliza swali hilo wala kulipinga. Swali la kufanyia kazi hutaja mshipa gani, wagonjwa gani, kinapimwa nini, na jibu likipatikana nani atabadilisha nini. Maswali mengi hufia kwenye hilo la mwisho.

Tazameni siko seli, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Jaribio la STOP, lililochapishwa Marekani mwaka 1998, liliwachukua watoto wenye ugonjwa huo ambao Doppler ya kichwa, kipimo cha mawimbi ya sauti kinachopima kasi ya damu, ilionyesha damu ikikimbia sentimita 200 kwa sekunde au zaidi kwenye mishipa mikubwa ya ubongo. Walioongezewa damu mara kwa mara walipunguza hatari ya kiharusi cha kwanza kwa takriban asilimia 90. Jibu safi kabisa, ila pale ambapo damu salama ni haba na dawa za kutoa chuma kinachojaa mwilini kwa kuongezewa damu hazipatikani, halitekelezeki. Ndiyo maana Mwanza, Tanzania, na Kano, Nigeria, kipaumbele kikageuka kuwa haidroksiurea, dawa ya kumeza ya siko seli: dozi ipi, na nani afundishwe kupima. Msinakili orodha ya vipaumbele ya nchi nyingine bila kuuliza hospitali yenu ina nini.

Kisha kagueni kipimo. Kishimo kinachoachwa na kiharusi kidogo huonekana kwenye MRI kikiwa na milimita 3 hadi 15, lakini mshipa uliokisababisha una upana usiofika hata milimita moja, na ukuta wake hauonekani kwa mashine za kawaida. Mnachokiona ni kovu. Pendekezo linaloahidi kufuatilia mabadiliko ya mshipa wenyewe kwa picha hizo pekee lirudishwe kwa mwandishi.

Maabara ndipo fedha nyingi hupotelea. Dawa ya NXY-059 ilikinga ubongo wa wanyama, ikaleta matumaini kwenye SAINT I, jaribio kwa wagonjwa wa kiharusi, mwaka 2006, halafu SAINT II, kubwa zaidi, ikaonyesha mwaka 2007 kwamba haisaidii. Panya wa maabara kwa kawaida ni dume, kijana, hana presha, na hupewa dawa mapema. Mgonjwa wa wodini ni mtu mzima mwenye presha ya miaka mingi, kafika saa kadhaa baadaye. Tena ubongo wa panya una sehemu nyeupe, yaani nyuzi zinazounganisha maeneo ya ubongo, kidogo mno, na humo ndimo mishipa midogo ya binadamu hufanya uharibifu mwingi. Daini wanyama wazee, wa jinsia zote, wenye presha, wapangwe kwa bahati nasibu, na anayepima asijue yupi kapewa dawa.

Kura ipigwe kimya, kila mtu kwa maandishi, kabla ya mjadala. Profesa akitangulia kusema, wengine humfuata, na mwenye mashine huvutia upande wa mashine yake. Toeni alama 1 hadi 5 kwa uzito wa ugonjwa, pengo la maarifa, uwezekano wa kulijibu, na badiliko litakaloleta. Msijumlishe tu: swali lenye 1 ya uwezekano lisibebwe na tano za kwingine. Jadilini yale yaliyopewa 1 na baadhi yenu na 5 na wengine. Yaliyopewa 3 na wote yapiteni haraka. Wauguzi, walionusurika kiharusi na wanaowauguza nyumbani waitwe orodha ikiwa bado wazi, maana uchovu, usahaulifu na shida ya kumeza hutajwa na wao.

Kando ya kila swali lililopita, andikeni matokeo yatakayowafanya mliache, na tarehe ya kuliangalia upya.