"Get" si "pata" tu: nilichojifunza Kilimanjaro usiku

Tulitoka kambi ya Barafu saa sita usiku, pole pole, kuelekea kileleni. Nilikuwa msaidizi wa kiongozi, msimu wangu wa kwanza baada ya miaka ya kubeba mizigo na wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, wenzangu. Mgeni mmoja, mama wa makamo, akanigeukia akasema, "I'm getting cold." Kichwani nilikuwa na tafsiri moja tu ya "get", ile niliyoikariri shuleni: pata. Na "cold" niliijua kuwa ni mafua. Nikamwendea mzee aliyetuongoza: "Mzee, yule mama anapata mafua." Akasema mafua hayamzuii mtu kutembea, tusonge. Nusu saa baadaye mama alishindwa kufunga zipu ya koti lake. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Alikuwa ameniambia kwamba baridi inaanza kumwingia. Mafua yangekuwa "I'm getting a cold", na hiyo "a" peke yake ndiyo iliyonipita.

Tulimvisha glavu nyingine, tukamnywesha chai ya moto, vidole vikarudi. Mimi nilishuka na deni moyoni, nikaanza kukifuatilia kitenzi hiki. Nakuandikia wewe unayejiandaa kufanya kazi na wageni, iwe mlimani, mbugani au hotelini.

Usiulize "get" maana yake nini. Sikiliza kinachofuata baada yake.

Kikifuata kitu, "pata" haiko mbali: "get a letter" ni kupata barua, "get me some water" ni niletee maji. Ikifuata sifa, weka "pata" kando kabisa, maana hapo mtu anabadilika hali. "Get tired" ni kuchoka, "get angry" kukasirika, "get wet" kulowa, "get lost" kupotea, "get old" kuzeeka. Sisi kila hali tumeipa kitenzi chake. Mwingereza anachukua sifa, anaitanguliza "get", kazi imekwisha.

Halafu kuna zile ambazo Kiswahili kinazimaliza mkiani mwa kitenzi, na hapa ndipo nilipofunguka macho. "Get paid" ni kulipwa: ile "w" yetu ndiyo "get" yao. "Get broken" ni kuvunjika. Ukisikia "get" kisha mtu kisha kazi, ujue kuna anayemfanya mwenzake atende: "get him to laugh", mchekeshe, "get the children to sleep", walaze watoto. "Get my hair cut" ni kunyolewa, kwa kuwa mwenye nywele siye mwenye mkasi. Muda wote huo nilikuwa nikihangaika kuipachika "pata" mahali ambapo lugha ya mama yangu ilikuwa na jibu katika herufi moja au mbili.

Kwenye safari, "get home" ni kufika nyumbani. Basi, treni, meli na ndege huchukua "get on" na "get off". Gari dogo na teksi, "get in" na "get out". Kipimo ninachowapa vijana: chombo unachoweza kusimama na kutembea ndani yake ni "on". Baiskeli na farasi pia, kwa sababu unakaa juu yake.

Neno lenyewe Waingereza waliletewa. Lilikuja na Waviking, watu wa Skandinavia waliovamia Uingereza kuanzia mwishoni mwa karne ya 8, kisha wakahamia kaskazini na mashariki mwa nchi hiyo. Kwao lilikuwa "geta": kupata, kuzaa, hata kukisia. Katika maandishi ya Kiingereza linaonekana karibu mwaka 1200. Kiingereza cha kale kilikuwa na ndugu yake, ila aliishi ndani ya maneno marefu tu, mojawapo likiwa lile lililotupa "forget", yaani kuponyokwa na ulichokishika. Ushahidi uko kwenye matamshi: "g" ya kale mbele ya "e" ililainika ikawa "y", kama katika "yet" na "yield", lakini "get" imebaki na "g" ngumu ya watu wa Kaskazini. Ile maana ya kuzaa bado imo ndani ya "beget". Nasi husema fulani kapata mtoto, na vijana wakielewana husema "nimekupata", sawa na "I get you". Wala "pata" yetu si nyepesi: mwambie mgeni kwamba kisu hiki hakipati, uone atakavyokuuliza kinatafuta nini.

Visawe vinategemea unazungumza au unaandika. Baada ya Wanormani kuitwaa Uingereza mwaka 1066, maneno ya Kifaransa na Kilatini yalikaa kwenye mahakama na ofisi, na mpaka leo yana sauti ya ofisini. Kwenye barua ya kazi andika "I received your letter". "Obtain" ni kwa ulichokihangaikia, kama leseni au kibali. "Acquire" inafaa kwa ujuzi au mali inayojengeka taratibu. Ukiwa na mgeni njiani, rudi kwenye "get". Hizo nyingine zitakufanya usikike kama karani.

Wamarekani wana jambo lao. "I've got a ticket" ni kwamba tiketi anayo. "I've gotten a ticket" ni kwamba ameipata. Waingereza wengi waliiacha "gotten", Wamarekani wakabaki nayo.

Siku hizi mgeni akianza "I'm getting…", sifungui begi mpaka nisikie neno linalofuata. "Getting" ni hali iliyokwisha kuanza na inaendelea kukua: "I'm getting dizzy" ni kizunguzungu cha sasa hivi. Kila msaidizi wangu, kabla hatujafika Barafu, lazima azijue sentensi mbili: "it's getting better", nafuu inakuja, na "it's getting worse", inazidi. Hiyo ya pili ikisemwa na mtu anayeumwa kichwa, tunageuka na kushuka naye, hata kama taa za waliotangulia tunaziona Stella Point, ukingoni mwa kreta karibu na kilele.