Fundi Ajibu: Wi-Fi ya Ofisi na Watu wa Benchi

Swali: Habari yako, Fundi. Mimi ni karani katika ofisi ya wakili hapa Kakamega. Tuko watu saba, vyumba vinne, orofa ya pili. Tunatumia ruta tuliyoletewa na kampuni ya intaneti, na neno la siri limebandikwa ukutani juu ya benchi ya wateja. Wakili amenituma nitafute aksesi pointi (vifaa vya kurusha Wi-Fi) mbili zilizo salama. Duka moja limenionyesha yenye antena sita. Jingine likanionyesha kijisahani cha kufunga darini, hakina antena hata moja na bei yake imepanda. Nichukue ipi? — *Bi Karani, Kakamega*

Jibu: Njema, Bi Karani. Antena sita ni za kuvutia macho dukani. Kile kijisahani nacho kina antena, ila zimo ndani, na antena haijawahi kumzuia mtu kuingia asikotakiwa.

Geuza boksi utafute WPA3, yaani kiwango kipya cha ulinzi wa Wi-Fi. Ruta yenu huenda inatumia WPA2, ya mwaka 2004. Shida yake ni kwamba mtu akinasa mawasiliano ya simu moja tu inapojiunga, anaweza kwenda nayo nyumbani akabahatisha neno la siri kwa kompyuta yake usiku kucha, mamilioni ya mara, na nyinyi hamna habari. WPA3, iliyotoka 2018, inamlazimisha kujaribu kila neno kwenye kifaa chenyewe, na hapo atachoka. Ikiwa printa yenu ni kuukuu na haiijui WPA3, iunganisheni kwa waya. Msishushe ulinzi wa ofisi nzima kwa sababu ya printa.

Kisha uliza jambo ambalo wauzaji hawapendi kuulizwa: kifaa hiki bado kinahudumiwa na aliyekitengeneza? Mwaka 2017 mtafiti Mathy Vanhoef wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, alionyesha tundu katika WPA2 yenyewe, shambulio lililoitwa KRACK. Watengenezaji makini wakatoa marekebisho. Vifaa vilivyokuwa vimeshatelekezwa vikabaki na tundu lake. Kwa hiyo kabla ya kulipa, andika namba ya modeli, fungua tovuti ya mtengenezaji kwa simu yako hapo hapo dukani, uone programu ya ndani ya kifaa hicho ilisasishwa lini mara ya mwisho. Ikiwa ni miaka mitatu iliyopita, rudisha boksi kwenye rafu, hata kama bei imekatwa nusu. Mimi hufunga zaidi TP-Link Omada na UniFi za Ubiquiti, lakini hata hizo huziangalia modeli kwa modeli.

Sasa tuje kwenye ile benchi, maana ndiyo inayonikosesha raha. Kila mteja aliyewahi kusoma karatasi ile ukutani yuko ndani ya mtandao mmoja na kompyuta yenye faili za kesi, na mteja wa leo anaweza kuwa mpinzani wa mteja wa jana. Tena Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka wakili wako alinde taarifa za watu anazozihifadhi. Nunua aksesi pointi inayoweza kutoa mitandao miwili, wa ofisi na wa wageni, iliyotenganishwa kwa VLAN, yaani mpangilio unaogawa mtandao mmoja kuwa mitandao isiyoonana. Hakikisheni ruta na swichi (kile kifaa cha kuunganisha nyaya za mtandao) pia zinaielewa VLAN. Swichi ya bei ya chini kabisa kwa kawaida haina mpangilio huo. Fundi akisema amemaliza, keti kwenye benchi, ingia kwa mtandao wa wageni, andika anwani ya printa kwenye kivinjari cha simu yako. Ukurasa wa printa ukifunguka, kazi haijaisha. Usimlipe.

Kuna mtego mwingine ambao hunasa ofisi nyingi ninazoingia huku Kisumu. Aksesi pointi hizi husimamiwa kwa akaunti, na fundi huifungua kwa barua pepe yake mwenyewe kwa sababu ana haraka. Akihamia Mombasa, au mkikosana kuhusu malipo, yeye ndiye mwenye mtandao wenu. Akaunti ifunguliwe kwa barua pepe ya ofisi, uthibitisho wa hatua mbili uende kwa simu ya wakili, na fundi aongezwe kama msaidizi anayeweza kuondolewa. Hilo likamilike kabla hajapanda ngazi kutoboa dari.

Ile WPS, ya kuunganisha kwa kubonyeza kitufe au kwa PIN, izimeni. Tangu 2011 inajulikana kwamba PIN yake ya tarakimu nane hukaguliwa vipande viwili, kwa hiyo majaribio 11,000 hivi yanatosha kuipata.

Kuhusu stima: chagua aksesi pointi zinazopata umeme kupitia waya wa mtandao, kiwango cha 802.3af au 802.3at, ndipo UPS (betri ya akiba) moja kwenye swichi izibebe zote mbili. Na kwa radi za Kakamega, waya usipitishwe nje ya jengo. Ikibidi upite nje, uwekewe kizuia radi kilichofungwa vizuri kwenye waya wa ardhini.

Swali: Fundi, nina duka la dawa hapa Nakuru. Nimeficha jina la Wi-Fi lisionekane kabisa. Sasa niko salama? — *Mwenye Duka, Nakuru*

Jibu: La, ndugu yangu. Jina lililofichwa husomwa na programu za bure pindi kifaa chako kinapojiunga. Tena simu yako, kwa kuwa haiwezi kuliona, huweza kulazimika kuliita kila uendako, hata kwenye matatu. Lionyeshe tu, uweke WPA3 na neno la siri refu.