Jibu: unnest mbili, na safumlalo zilizopungua baada ya kupandisha toleo

Ndugu, tulia, data yako haijapotea. Umeuliza kwa nini kweri yako (ombi la data) yenye unnest mbili (funksheni inayofungua orodha kuwa safumlalo, moja kwa kila kipengele) ndani ya SELECT (sehemu inayotaja safu za jibu) ilirudisha safumlalo 6 kwenye hifadhidata ya PostgreSQL 9.6, na sasa kwenye 14 zinakuja 3, moja ikiwa na NULL (nafasi isiyo na thamani). Mabadiliko hayo yaliingia toleo la 10, tena kwa makusudi.

Zamani funksheni hizo zilizungushwa mpaka zote zifike mwisho kwa pamoja, yaani mpaka kigawe kidogo cha shirika cha urefu wa orodha zako: 2 na 3 zinatoa 6. Ukadhani kila kipengele kinaoanishwa na kila kingine, kumbe ni bahati ya namba tu. Orodha za 2 na 4 zingekupa 4, si 8! Siku hizi zinakwenda sambamba, na iliyo fupi hujaziwa NULL.

Ukitaka michanganyiko yote, hamishia unnest zote mbili kwenye FROM (sehemu inayotaja data inakotoka), uziunganishe kwa CROSS JOIN, inayooanisha kila kipengele na kila kingine. Uandishi huo unatoa jibu lilelile kwenye matoleo yote mawili, kwa hiyo unaweza kuujaribu kwenye seva ya zamani kwanza. Usisahau ORDER BY (amri ya kupanga safumlalo) kama mpangilio una maana kwako. Kagua na view zako (kweri zilizohifadhiwa kwa jina) pia, kweri za aina hii hupenda kujificha humo.